Shajara ya filamu ya dagaa: kasi ya fremu kutoka kwenye taa hadi juani

Jumatatu, Kirumba. Kupanga

Kikundi cha kina mama wanaoanika dagaa upande wa Igombe kimenipa kazi. Wanataka filamu ya dakika 10 hivi, imfuate dagaa kutoka kwenye taa ziwani usiku, afike mwaloni (ufukweni mitumbwi inapofikia) alfajiri, aanikwe, aingie gunia, afike soko la Mwaloni hapa Kirumba, Mwanza. Itaonyeshwa kwenye mikutano yao na kwenye televisheni ya dukani, lakini najua itatembea zaidi kwenye simu. Lengo lao ni moja: mtazamaji aone mwenyewe tofauti ya dagaa aliyeanikwa mchangani na aliyeanikwa kwenye chanja, ile meza ya nguzo na wavu. Wanunuzi wa kutoka Kongo wanakagua mchanga kwa kung'ata, na anayekuta mchanga anashusha bei hapo hapo.

Kamera niliyonayo ni Sony PMW-EX1. Ilitoka mwaka 2007, na vijana wa studio za harusi mtaani wananicheka kwamba naibeba kama tofali. Wacheke tu. Ina vihisi 3 vya nusu inchi, lenzi ambayo pete zake zinageuka kweli kwa mkono, na menyu ambayo wengi walioinunua hawajawahi kuimaliza. Ndani ya menyu hiyo ndimo filamu hii itakapopatikana: kubadili kasi ya fremu (idadi ya picha ambazo kamera inanasa kwa sekunde), kurekodi kwa vipindi, kurekodi fremu moja moja, na ile kumbukumbu ya awali inayokuwekea sekunde zilizopita kabla hujabonyeza kitufe.

Barua ya BMU, kikundi kinachosimamia mwalo, imeshatoka. Nahodha mmoja amekubali kutupakia, kwa sharti kwamba tusiwashe taa yetu yoyote tukiwa majini. Dagaa anafuata taa, na taa ngeni inamtawanya. Tutapiga kwa mwanga wa taa zao wenyewe, basi.

Jumanne, ofisini. Hesabu za kasi

Nimekaa na dogo wa sauti kupitia mambo kabla hatujaenda. Yeye amezoea simu, ambako unagusa neno moja tu na mwendo unakuwa wa polepole. Nimemwandikia ukutani.

Filamu yetu itachezwa kwa fremu 25 kwa sekunde, kwa sababu nchi hii ni ya hezi 50, kuanzia umeme wa TANESCO hadi televisheni. Ukinasa fremu 25 na kucheza 25, mwendo ni wa kawaida. Ukinasa 50 na kucheza 25, kila kitu kinachukua muda maradufu. Ukinasa 60, mwendo unapungua mara 2.4, yaani tukio la sekunde 4 linakaa kwenye skrini karibu sekunde 10. Ukinasa 6 tu, mawingu yanakimbia na watu wanatembea kama wamefukuzwa. Kwenye EX1 mlango wa yote haya unaitwa S&Q. Ni kifupi cha Slow and Quick, polepole na haraka. Ukiwa kwenye 1080, yaani picha yenye mistari 1080, unachagua kuanzia fremu 1 hadi 30. Ukitaka kufika 60 ni lazima ushuke hadi 720.

Hapo ndipo penye bei. Picha ya 1080 ina nukta 2,073,600. Ya 720 ina 921,600, chini ya nusu. Kila klipu ya polepole nitakayoitoa kwenye kamera hii itabidi ikuzwe wakati wa kuhariri ili ikae pamoja na nyingine, na itaonekana laini kidogo. Kwenye simu hakuna atakayegundua. Kwenye televisheni ya inchi 43 dukani, mwenye jicho atagundua.

Bei ya pili ni kadi. Kadi ya SxS ya GB 16 inabeba kama dakika 50 kwa megabiti 35 kwa sekunde. Ukinasa fremu 60, dakika 1 ya ziwani inaandikwa kama dakika 2 na sekunde 24 za klipu, kwa hiyo kadi ya dakika 50 inakwisha ndani ya dakika 20 na ushee. Majini huwezi kukimbilia kompyuta kuhamisha.

Ya tatu ndiyo iliyomshtua dogo: ukiwa kwenye S&Q na kasi ya kunasa haifanani na ya kucheza, kamera haiandiki sauti kabisa.

"Sasa mimi naenda kufanya nini, kaka?"

Atakuja na kinasa sauti chake cha pembeni. Lakini swali lake limenikaa kichwani, maana filamu hii bila sauti ya nyavu na ya wavuvi kupokezana kuvuta itakuwa nusu filamu. Mwaka juzi nilipiga picha za bugobogobo, ngoma ya Wasukuma, kule Bujora, vijana wanarusha majembe juu na kuyadaka, nikapiga kwa 60. Jembe lilionekana vizuri hewani, linazunguka, hata vumbi kwenye mpini unaliona. Ngoma yenyewe ilikufa. Miguu ilikuwa inashuka wakati hakuna pigo, na ukiweka ngoma ya pembeni hailingani na kitu. Mteja alipenda. Mimi sijaipenda hadi leo.

Jumatano usiku, juu ya miamba, Igombe. Taa za mbali

Tumepanda mwambani na giza, tukakuta ziwa limeshawaka. Ukikaa pale juu unaona taa za dagaa zimejipanga upeo mzima, utadhani kuna mji mwingine upande wa pili wa maji.

Fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/50 ya sekunde hazikutosha. Nje ya vile vidoa vya taa kulikuwa na weusi mtupu, na nilipopandisha gaini, yaani kuikuza ishara ya kihisi kwa umeme, weusi ukaanza kuchemka chembechembe. Nimezima shata, hivyo kila fremu inakula mwanga kwa 1/25 ya sekunde, mara mbili ya mwanzo. Kisha nimeingia S&Q na kushuka hadi fremu 6. Sasa kila fremu inafunguka kwa 1/6 ya sekunde, na ukilinganisha na pale nilipoanzia nimepata zaidi ya stopu 3 za mwanga (kila stopu ni mwanga maradufu) bila kugusa gaini. Mstari wa maji ukatokea. Miamba ya karibu ikatokea. Taa zinasogea mara nne ya kasi yake, lakini kwa umbali ule zinasogea polepole mno kiasi kwamba haraka hiyo inazisaidia. Unaona sasa kwamba zinaelea, zinajikusanya, zinaachana.

Watu wengi wanafikiri kushusha kasi ya fremu ni kwa ajili ya vichekesho, mtu atembee haraka haraka kama kwenye filamu za kale ambazo kamera ilizungushwa kwa mkono. Usiku kazi yake kubwa ni mwanga. Kitu kisichosogea sana kinaweza kupigwa kwa fremu 6, hata 3, na hakuna atakayejua.

Radi imeanza kupiga upande wa Ukerewe tukiwa bado pale. Nimerudi kwenye mwendo wa kawaida na kuwasha kumbukumbu ya awali. Inafanya hivi: kamera inanasa muda wote, lakini inashikilia sekunde za mwisho tu, hadi 15 kwenye EX1, na kuzifuta zinapopitwa. Unasubiri radi ipige, ndipo unabonyeza. Klipu inaanza kabla hujabonyeza, na radi imo ndani. Hakuna kujaza kadi kwa giza la nusu saa ukitafuta mwako mmoja.

Mwako wenyewe umekuja na tabia ya vihisi vya CMOS. Vinasoma picha mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini, na radi ni fupi kuliko usomaji huo, kwa hiyo fremu moja imewaka nusu ya chini tu, nusu ya juu bado usiku. Ndiyo ile ile inayotokea harusini mpiga picha wa mnato anapopiga flashi. Kwenye kuhariri nitaitoa fremu hiyo au nitaiacha. Kwa kasi ya 25 inapita kabla jicho halijaihoji.

Alhamisi usiku, ziwani

Nahodha alitupokea alasiri na "Mwangaluka", salamu ya Kisukuma ya asubuhi, ingawa jua lilikuwa linakwenda kuzama, akacheka mwenyewe. Nikamjibu kwa shikamoo yangu.

"Marahaba. Hiyo mashine yako inaogopa maji?"

"Inaogopa, mzee."

"Basi kaa katikati, mwanangu. Tanga la nyuma usilishike."

Taa zao siku hizi si karabai. Ni LED za betri, zimefungwa juu ya vyelezo na kuachwa zielee mbali na mtumbwi hadi dagaa wakusanyike chini yake. Karabai ilikuwa moto, na moto wa namna ile haumpi kamera shida. LED za betri hizi zina kidude cha kupunguza mwanga, na baadhi ya vidude hivyo havipunguzi umeme. Vinaiwasha na kuizima taa haraka haraka, mara nyingi kwa sekunde, na jicho linaona mwanga umefifia. Kamera haidanganyiki. Taa mbili kati ya zile zilileta mistari myeusi inayopanda taratibu kwenye picha.

Tiba yake iko kwenye shata, sehemu inayoitwa ECS. Badala ya kuchagua 1/50 au 1/100, unazungusha namba ya hezi kidogo kidogo huku unatazama kioo, na mistari inapunguza mwendo, inasimama, halafu inafifia. Shata inapolingana na mapigo ya taa, kila mstari wa kihisi unapata idadi ile ile ya mapigo, na tofauti inapotea. Ukishindwa kuipata, refusha shata: mapigo yanakuwa mengi ndani ya fremu moja, na moja likikosekana halionekani. Nahodha alikuwa ananiangalia nikizungusha kile kigurudumu akaamini natafuta stesheni ya redio.

Halafu nyavu. Hapa nilikuwa nimepanga fremu 60 kwa 720, maji yanavyoruka, samaki wanavyong'aa. Niliipiga raundi ya kwanza hivyo. Wakati wakisubiri taa ifanye kazi tena nikamwonyesha nahodha kwenye kioo kidogo cha kamera. Aliangalia mikono yake inapanda kamba taratibu, taratibu, tone la maji linaning'inia.

"Huyu nani?"

"Wewe, mzee."

"Mimi sivuti hivi. Ukivuta hivi dagaa wote wameshatoka. Umenifanya mzembe."

Vijana wakaangua kicheko mtumbwi ukayumba. Lakini mzee amesema jambo ambalo nimekuwa nikilizunguka tangu Jumanne. Ufundi wa hawa watu ni kasi. Nyavu inafungwa chini kwanza, halafu inapandishwa kwa mpigo mmoja, wote pamoja, na anayechelewa upande wake anafungua mlango. Ukiinyoosha mara 2.4 unapata maji mazuri na unapoteza uvuvi. Polepole inafaa kwa kile jicho lisichokiwahi: dagaa wanapochomoka juu ya maji wakimwagwa ndani, tukio la sekunde moja au mbili. Kwa mikono, hapana.

Tatizo ni kwamba mambo haya mawili yanafuatana ndani ya mvuto mmoja, na huwezi kuingia menyu katikati ya kamba kubadili kasi. Wala huwezi kumwomba mtu alfajiri avute tena kwa ajili yako.

Ijumaa, Kirumba. Njia ya katikati

Nimelala kidogo, nimeamka na jibu, na jibu halimo kwenye S&Q kabisa.

EX1 ina hali ya kawaida ya 720 kwa fremu 50 kamili. Si mwendo wa polepole. Inanasa 50 na inacheza 50, na kwa kuwa ni hali ya kawaida inaandika sauti, na kumbukumbu ya awali inafanya kazi. Ukiipeleka kwenye mradi wa fremu 25, una chaguo mbili baadaye ukiwa umekaa kwenye kiti. Ukitaka mwendo wa kawaida, programu inaruka fremu moja na kuchukua moja, zinabaki 25, na sauti inakaa pale pale. Ukitaka polepole, unaziambia fremu zote 50 zichezwe kwa 25, unapata nusu ya mwendo. Klipu ile ile moja. Mikono ya nahodha kwa kasi yake, halafu dagaa wakimwagwa kwa nusu kasi, bila kukata kamera.

Kilichobaki ni shata, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu wengi wanaopiga kwa 50 wanaharibikiwa hapa bila kujua.

Mazoea ya tangu zama za filamu ni shata kufunguka nusu ya muda wa fremu. Kwa 25 hiyo ni 1/50. Ukungu wa mwendo unaotokea hapo ndio jicho limezoea kuuona sinema. Mtu akienda 50 anafuata kanuni ile ile, anaweka 1/100. Sawa kwa klipu ya polepole. Lakini akirudi kuruka fremu ili apate mwendo wa kawaida, anabaki na fremu 25 ambazo kila moja ilifunguka 1/100 tu, robo ya muda wake. Mwendo unakuwa wa kukatika katika, mkono unaruka kutoka hapa hadi pale. Unaangalia unasema kuna kitu hakiko sawa, na huwezi kukitaja.

Kwa hiyo nimezima shata kwenye 50. Kila fremu inafunguka 1/50, muda wake wote. Nikiruka fremu moja moja, ninachobaki nacho ni fremu 25 za 1/50, sawasawa na kamera iliyowekwa 25 tangu mwanzo. Nikizicheza polepole, kila fremu ina ukungu mwingi kuliko mazoea, lakini kwa maji na samaki ukungu huo haudhuru. Kwa uso wa mtu ungedhuru. Na faida ya tatu inakuja bure: 1/50 inabeba mapigo mawili kamili ya taa ya umeme wa hapa, ambayo hupepesa mara 100 kwa sekunde. Taa za sokoni hazitacheza.

Fremu 60 zingecheza. Mapigo 100 hayagawanyiki kwa 60, kila fremu inakamata kipande tofauti cha pigo, na picha inatetemeka. Nimeona matangazo ya ukumbi wa harusi hapa mjini yamepigwa hivyo, kwa kamera za bei kubwa, ukuta mzima unapepesa nyuma ya maharusi. Namba kubwa kwenye menyu haina maana kama haigawanyi umeme ulioko ukutani.

Rafiki yangu ana kamera nyingine ya Sony, PXW-Z150, ya kihisi kimoja cha inchi 1, inayofika fremu 100 kwa sekunde kwa 1080 ikiwekwa upande wa hezi 50. Amejitolea kuniazima. Nitaichukua kwa ajili ya mchana tu. Usiku fremu 100 zinalazimisha shata ya 1/100 au fupi zaidi, na kwa taa za vyelezo hilo ni kuomba weusi.

Jumamosi alfajiri, mwaloni

Usiku tulirudi ziwani kupiga mvuto mwingine wa nyavu, na huko na hapa mwaloni tumepiga kwa 720/50, shata imezimwa, kumbukumbu ya awali imewashwa muda wote. Betri inakwenda kwa sababu kamera hailali, ila alfajiri ni fupi.

Mitumbwi imeingia na madebe. Kina mama tayari mchangani, mabeseni kichwani, bei zinapigwa kelele kabla mtumbwi haujagusa nchi kavu. Nimewaacha wapite mbele ya lenzi badala ya kuwafuata. Kwa fremu 25, ukizungusha kamera haraka, kila kitu cha wima kinarukaruka. Kitu kikivuka skrini kwa sekunde 7 hivi kinapita vizuri, chini ya hapo kinaanza kukatika. Mama mwenye beseni la dagaa hasubiri sekunde 7. Basi stendi imesimama, watu wanaingia na kutoka.

Kulikuwa na mdiria, yule mweusi na mweupe, pembeni ya gati la mbao. Anasimama hewani mita kadhaa juu ya maji, mabawa yanapiga pale pale, mdomo umeelekezwa chini, na kichwa chake hakitikisiki hata kidogo. Mwili wote unafanya kazi ili kichwa kitulie. Halafu anafunga mabawa na kuanguka kama jiwe. Kuanguka huko hakuchukui hata sekunde 2, na hakutangazwi. Anaweza kuahirisha mara nyingi, akasogea, akasimama tena. Mpiga picha anayesubiri kubonyeza atapata viduara vya maji. Mimi nilimweka kwenye fremu, nikaacha mkono mbali na kitufe, na alipotoka na dagaa mdomoni ndipo nikabonyeza. Kusimama hewani, kufunga mabawa, kuzama na kutoka, vyote vimo, na mlio wake umo. Kwenye S&Q nisingepata hili, kwani kamera haikubali kumbukumbu ya awali na kubadili kasi kwa pamoja. Kwa nusu kasi unaona kwamba anafumba macho kabla ya kugusa maji.

Mdiria hana kazi yoyote kwenye filamu ya kuanika. Ataingia tu.

Jumapili, Igombe. Kuanika

Hili ndilo walilolipia.

Mama mwenyekiti ameandaa sehemu mbili jirani: kushoto dagaa wamemwagwa mchangani kama walivyozoea wengi, kulia wamewekwa kwenye chanja ya nguzo na wavu, usawa wa kiuno. Fremu moja inabeba zote mbili. Kurekodi kwa vipindi: fremu 1 kila dakika 1, kuanzia saa 1 asubuhi hadi saa 11 jioni. Saa 10 ni fremu 600, na fremu 600 kwa 25 ni sekunde 24. Siku nzima ndani ya sekunde 24, mwanga mmoja, dagaa wa mvuto mmoja, mchanga na chanja ubavu kwa ubavu.

Umeme wa kamera ulikuwa swali. EX1 inakula kama wati 13, betri kubwa ya BP-U60 ina wati-saa 56, yaani saa 4 na kitu. Kubadilisha betri katikati kunamaanisha kuigusa kamera, na fremu ikisogea hata kidogo inaonekana kama tetemeko la ardhi. Tumeleta betri ya gari na waya wa volti 12 wa kuingia moja kwa moja, na stendi tumeizika miguu mchangani na mawe juu.

Kila kitu kimefungwa kwa mkono: tundu la lenzi, mizani ya rangi, foksi. Ukiacha kamera ijiamulie, kila wingu linalopita linaibadilisha kidogo, na zile sekunde 24 zinakuwa za kupepesa mwanzo hadi mwisho. Mawingu yenyewe yaache yapite, kivuli chake kinaonyesha muda unakwenda.

Saa 8 hivi wingu la ziwani likaja. Mwenyekiti aliliona kabla yetu sote.

"Anueni! Anueni!"

Nimetazama pale: wa upande wa chanja walitupa turubai juu, wakafunga kona, wakakaa. Upande wa mchangani ilibidi wakusanye kwa fagio na mikono, na mchanga ukaja nao, na wa mwisho wamelowa. Tofauti yote ambayo kikundi kinataka kuisema ilikuwa mle, ndani ya dakika 3 au 4. Kamera ya vipindi imeichukua kwa fremu 3 au 4. Kwenye skrini hiyo ni chini ya moja ya sita ya sekunde. Turubai linatokea na kutoweka, basi.

Ndiyo maana Z150 ilikuwa begani kwangu, kwa kasi ya kawaida ya 25, na dogo wa sauti alikuwa katikati yao na maikrofoni. Sikugusa zile fremu 100. Mtu anayewahi mvua aonekane anawahi. Jioni mama mwenyekiti alichukua dagaa wa kila upande akawaweka kwenye kiganja kimoja, nikasogeza lenzi karibu: wa kulia fedha imebaki ubavuni, wa kushoto wamekunjamana na chembe za mchanga zinaonekana kwenye macho.

Jumatatu, sokoni Mwaloni

Magunia, mizani, vibarua, korongo wakubwa wamesimama juu ya mapaa wakisubiri makombo. Taa za ndani ni za TANESCO, 1/50, safi. Banda moja lilikuwa linatumia jenereta na jenereta haishiki 50 vizuri, mistari ikarudi; ECS tena. Nusu siku imetosha.

Jumanne, ofisini. Kuhariri

Mstari wa muda wa kuhariri (timeline) uko 1080 kwa 25. Nimeamua hivyo kwa sababu klipu za vipindi na za Z150 ni 1080, na ndizo zinazobeba hoja ya kikundi. Za ziwani za 720 nimezikuza. Maji ya usiku yamesamehe ulaini. Fremu nzima zisizogawanywa ndizo nimezitumia kote, hakuna 50i. Ile ya kugawa fremu nusu mbili, mistari ya shufwa na ya witiri, ni ya televisheni za zamani, na kwenye simu inaacha ukingo wa kila kinachosogea na meno ya kitana.

Ile raundi ya fremu 60 ya nyavu nimeitoa yote. Mvuto uliobaki ni wa 50: kamba kwa mwendo wake na kelele zake, kisha pale dagaa wanapomwagwa, nusu kasi. Nimeweka badiliko kwenye fremu ambayo nyavu inavuka ukingo wa mtumbwi. Sauti hapo haishuki. Nimeiacha ya mwendo wa kawaida iendelee chini, dogo akaongeza maji kidogo kutoka kwenye kinasa chake.

Nahodha amepita mchana akielekea kununua nyuzi. Nimemchezea. Ameangalia mikono, akatikisa kichwa kukubali, dagaa walipomwagika polepole hakusema kitu hadi mwisho, ndipo akauliza kwa nini ndege amewekwa na yeye hakuwekwa jina.

Mama mwenyekiti ameona rasimu kwa simu. Anataka zile sekunde 24 za jua zichezwe mara mbili, mara ya pili aseme yeye mwenyewe juu yake, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili. Zikichezwa mara mbili mtu atadhani simu imekwama. Nitazinyoosha hadi sekunde 48 kwa kurudia kila fremu mara moja. Kwa vivuli na dagaa wasiosogea haitaonekana, kwa watu wanaopita nyuma itaonekana kidogo, na yeye ameshasema hajali watu wa nyuma. Kurekodi sauti yake ni Alhamisi. Toleo la simu litatoka kwa 720, la dukani 1080, na betri ya gari inatakiwa irudi kwa mwenyewe kesho kabla ya saa 3.